Semeni Alikataa Kulinda

Watu wa Mahege bado wanaisimulia harusi ile ya jirani ambapo mpwa wangu Semeni alimpasua mumewe, Nassibu, mdomo kwa mwiko wa pilau. Mwiko wenyewe ule mrefu wa shughuli, unaoshikwa kwa mikono miwili. Nassibu alikwenda chini, akainuka na jiwe, akamkosa mkewe, akanipata mimi begani. Nami si mtu wa kupigwa jiwe bure. Nilimrukia, tukaviringishana mpaka kwenye majivu ya moto, nikamtia ngumi za kutosha. Wapo wanaosema yeye ndiye aliyenikalia juu. Hao walisimama upande mbaya.

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisema nyinyi.

Mama yake Semeni, Mwajabu, alikuwa dada yangu. Ziwa lake la kushoto lilifanya uvimbe, likapasuka, likaoza naye yu hai, tukawa tunamfukuzia nzi. Alikufa na miaka thelathini na tisa. Baada ya miaka kumi na moja ugonjwa ukamrukia binti yake mkubwa, Biasha, ukamla vilevile, akipiga ukelele mpaka jirani akahama. Semeni ndiye aliyewaosha wote wawili.

Basi mwaka tisini na sita, enzi za ruksa zimepita juzi tu, mabasi ya watu binafsi yamekwisha kutufikia, nikampeleka Dar kwa daktari wa upasuaji. Maswali niliuliza mimi, maana darasa la nne la zamani linalishinda la saba lenu. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima akasema leo hana kitu. Lakini ugonjwa unaonekana kurithiwa katika ukoo, naye akiwa na miaka thelathini na miwili yumo hatarini. Njia ni mbili. Ama aje kila miezi sita apimwe, na kila mwaka apigwe picha, ili ukianza uwahiwe. Ama maziwa yaondolewe yote mawili angali mzima. Hatari haiishi kabisa, lakini inabaki ndogo sana.

"Usinijibu leo," daktari alisema. "Kazungumze kwanza na mumeo."

Semeni akaniapisha nisifungue mdomo, atamwambia mwenyewe. Nikaapa. Siku ya nne, harusini, wanaume wakaanza kujisifu: huyu kaua kiboko, yule kamkimbiza simba. Nikashindwa kuvumilia. "Waoga wakubwa nyinyi! Mpwangu Semeni kaambiwa atakatwa maziwa yote mawili, na chozi halikumtoka!"

Nassibu alikuwa amekaa nyuma yangu, sahani mkononi.

Alikwenda moja kwa moja jikoni, akamkwida mkewe mbele ya wapishi. "Unataka kuniletea mwanamume mwenzangu ndani?" Ndipo alipokula mwiko.

Siku ya tatu baada ya harusi tulikaa kikao cha suluhu nyumbani kwao, Mkongo. Nassibu midomo imevimba.

"Sikatai atibiwe," alisema. "Lakini kukata kizima ni wazimu. Apimwe. Nitampeleka mwenyewe kila miezi sita, wallahi."

Kusema kweli lilikuwa neno la maana. Hata mimi lilinigeuza.

"Nassibu," Semeni akasema, "tumelinda mpunga bondeni miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Unajua kulinda?"

"Nani ananishinda?"

"Mwaka juzi ulipata homa usiku mmoja tu. Asubuhi tulikuta nini?"

Sote tulilijua jibu. Nguruwe walikuwa wamelilaza shamba zima.

"Na masika, magari yakikwama njiani wiki tatu, utanibeba mgongoni mpaka Dar? Biasha alipouona uvimbe mpunga ulikuwa mchanga. Tulivuna tumeshamzika."

"Ukikatwa, kwangu usirudi!"

"Mtoto wetu akimaliza miaka yake miwili ya kunyonya, nakwenda. Mpaka hapo nitapimwa. Wewe fanya lako."

Alimwachisha mwezi wa Agosti mwaka uliofuata. Asubuhi ya safari, stendi ya Kibiti, Nassibu akatokea na panga. Nikamdaka mkono, panga likanipita kidole hiki, mpaka leo hakikunjiki. Watu wakatawanyika, mkaanga mihogo akaliangusha karai la mafuta ya moto. Semeni hakukimbia. Alinisukuma pembeni, akasimama na mumewe kifua kwa kifua.

"Unataka kukata? Kata hapa tumalize. Huwezi? Basi nipishe niende kwa anayejua."

Panga likashuka. Nassibu akalitazama basi, akatazama chini. "Sasa mtoto nani atampikia uji?"

"Una mikono miwili. Yako hajaikata mtu."

Akapanda. Nami nikapanda nyuma yake, damu inachuruzika kwenye kanzu, kondakta ananifokea nisimchafulie viti.

Alikatwa. Kidonda cha kulia kilitunga usaha wiki tatu, akanitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nassibu hakutoa talaka. Alihamia chumba cha uani miezi minane, kisha akarudi bila kusema neno. Leo Semeni ana miaka arobaini na mmoja, umri ambao mama yake na dada yake hawakuuona.

Juzi nilimkuta anaanika mpunga, nikamuuliza kama anajuta.

"Siku nyingine nayalilia, mjomba, kama watu waliokufa," alisema. "Haya, inuka, umekalia mkeka wangu."