Sheria ya Benki Kwenye Mkataba wa Saluni

Mtaa mzima wa Malvern hakuna aliyependa sheria kama Marcellin, na hakuna aliyekuwa na sheria chache kama yeye. Alikuwa nayo moja tu: Sheria ya Benki, namba 94 ya mwaka 1990, kitabu kisicho na jalada alichokinunua kwenye vitabu vya mtumba karibu na stesheni ya treni ya Park Station. Alikwenda kutafuta kamusi. Kamusi zilikuwa zimekwisha.

Marcellin alikuwa Mrundi mwembamba, wa kufunga tai hata Jumamosi. Kwao alikuwa karani wa komine, ofisi ya serikali ya mtaani, na huko karatasi haianzi kusema neno lake mpaka itaje kwanza sheria zinazoipa ruhusa ya kusema. Kwa kuzingatia sheria fulani, kwa kuzingatia amri fulani, na barua ya tarehe fulani. Karatasi isiyo na sheria kichwani, kwake yeye, ilikuwa kama mtu kuingia kanisani na taulo.

Sasa alikaa Jules Street, kwenye kibaraza cha duka la simu, na kompyuta yake na printa, akiwaandikia watu mikataba. Na kwa kuwa sheria ilikuwa moja, wote walipata hiyo hiyo. Aliyeuza friji, Sheria ya Benki. Waliogawana chumba kwa pazia kule Joubert Park, Sheria ya Benki. Octave, mlinzi wa geti mtaa wa Observatory, aliandikiwa barua ya kumposa Arlène, ikazingatia Sheria ya Benki. Arlène akakubali, akasema huyu angalau ni mwanaume wa mambo ya uhakika.

Basi Jumatatu moja ya mwaka 2011 wakamjia wanawake wawili wameshikana mikono, jambo ambalo halikuwa la kawaida yao. Mmoja alikuwa Mama Victorine, Mkongomani, msusi. Wa pili Tania, Mrundi, fundi wa kushona. Meza zao zilikuwa jirani barabarani, na kwa miaka mitatu walikuwa wanagombea kivuli.

"Papa Marcellin, tuunganishe," akasema Mama Victorine.

"Kama ndoa?"

"Ah non! Huyu naye anakoroma mchana."

"Sikoromi," akasema Tania. "Ni cherehani."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Duka la kona, pale kwenye roboti magari yanaposubiri taa, lilikuwa wazi. Mwenye nyumba, mzee wa Kireno aitwaye Fonseca, alikuwa amesema hataki biashara mbili kwenye mlango mmoja. Kama wanalitaka, wawe biashara moja, na wamletee mkataba wa kuungana kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Ikipita hapo, duka ni la Pitchou muuza matairi.

Marcellin alisikia neno kuungana, moyo ukamruka. Ndani ya kitabu chake kulikuwa na kifungu cha hamsini na nne, kinachosema juu ya kuungana kwenyewe. Miaka yote alikuwa anakipita kama mtu anayepita jumba kubwa bila sababu ya kubisha hodi. Leo sababu imekuja! Akaandika kurasa nne za Kiingereza, na juu kabisa akaweka kwamba muungano huu unafuata kifungu cha hamsini na nne cha Sheria ya Benki. Akagonga mihuri mitatu. Mmoja ulikuwa na picha ya tai, ndege, si ile ya shingoni.

Ijumaa saa tano na robo wakaenda wote watatu kwa Fonseca. Pitchou alikuwa amefika tayari, amekaa juu ya matairi yake nje ya duka, anakula ndizi bila haraka.

Fonseca akasoma. Akarudia. Akavua miwani.

"Nani kati yenu ni benki?"

Mama Victorine akamtazama Tania. Tania akatazama viatu vyake.

Kumbe huyo mzee alikuwa amefanya kazi benki miaka thelathini. "Mmeandika kwamba mnafuata kifungu cha hamsini na nne," akasema. "Kifungu hicho kinasema benki zikiungana lazima Waziri wa Fedha akubali kwa maandishi. Barua ya waziri iko wapi?"

"Waziri anakuja saa ngapi?" Mama Victorine akamnong'oneza Marcellin.

"Eish, mimi nashona sketi," akasema Tania. "Waziri ananijulia wapi?"

Nje, Pitchou akaanza kubiringisha tairi la kwanza kuelekea mlangoni.

"Itoeni hiyo sheria, nitatia sahihi," akasema Fonseca. "Mna nusu saa."

Wakarudi mbio kibarazani. Marcellin akakaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe cha kufuta, kidole hakishuki.

"Futa, papa!"

"Nikifuta, karatasi itasimama juu ya nini?"

"Itasimama juu ya meza!"

"Mama Victorine, sijawahi kutoa karatasi bila sheria. Hata moja."

"Na mimi sijawahi kumpiga mtu mwenye tai," akasema Mama Victorine. "Hata mmoja."

Marcellin akafumba macho. Akafuta kifungu cha hamsini na nne. Halafu, kabla hawajamzuia, akaandika haraka haraka pale pale juu: *Sheria ya Benki, namba 94 ya mwaka 1990, haihusiki kabisa na mkataba huu, kwa kuwa hapa hakuna benki.* Akachapa. Akagonga mhuri wa tai.

Saa sita kasoro dakika nne Fonseca akasoma ule mstari, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Hii ni kweli tupu," akasema, na akatia sahihi.

Marcellin alitaka mkataba usomwe wote kwa sauti kwanza, kama inavyopasa, lakini wanawake walikuwa wameshachukua funguo, na sauti zao zilitoka ndani ya duka.

"Dirisha ni la nywele!"

"Dirisha ni la cherehani, nitashona gizani mimi?"

Akabaki barabarani na kurasa zake nne. Msikilizaji alikuwa Pitchou peke yake, anayerudisha tairi lake. Marcellin akamsomea mwanzo mpaka mwisho.

"Mkataba mzuri," akasema Pitchou. "Hiyo sheria, inaweza kutohusika na matairi pia?"

Marcellin akainyoosha tai yake.

"Inaweza," akasema. "Pita Jumatatu."