Gauni la Kijani la Mama Pacha

Tangu utotoni mdomo wake haukujua kutulia. Akitumwa chumvi, anarudi na chumvi na swali juu yake: kwa nini mwenye duka anafungua dirisha moja tu? Mama yake alipochoka akambandika jina la Kwa Nini, akidhani mtoto ataona haya. Wapi! Jina likamganda, akakua nalo, akaolewa nalo, na hadi leo mumewe akipiga simu husema, "Bi Kwa Nini, nyumbani unarudi lini?"

Kazi nayo ni kama ilikuwa inamsubiri. Shirika lake humtuma kwenye vikundi vidogo vinavyotetea haki za wanawake. Anakaa nao, anaangalia wanaamuaje mambo, nani ana sauti na nani kawekwa kama pambo, wapi pamelegea, kisha anasaidiana nao kukaza palipolegea. Kwa ufupi, analipwa kwa umbea. Hivyo ndivyo mumewe anavyosema, na yeye hucheka, maana si uongo sana.

Safari hii alipelekwa kwenye kikundi chenye makao katika chumba cha kushonea nguo, ubavuni mwa duka la mabati. Mwenyekiti wake ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa cherehani ndiyo kazi yake, wote humwita Fundi. Chumba kilikuwa kinang'aa. Sakafu imepigwa deki, vyerehani vimefunikwa, viti vimepangwa mstari kama vya harusini. Wanakamati wameketi wima, wamejipaka mafuta, hakuna anayepumua kwa raha.

Lakini jicho la Bi Kwa Nini lilikuwa ukutani. Kulikuwa na bomba refu la kutundikia nguo, limejaa henga, na kwenye henga hapakuwa na hata kipande cha kitambaa.

"Fundi, nguo za hapa ziko wapi?"

"Nimezimaliza zote!" Fundi akajipiga kifua. "Dada, tumeshona mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mtu tumempelekea yake mlangoni. Yaani mgeni mzima aje akute viporo, aseme mimi ni fundi wa njoo kesho? Thubutu!"

Mtunza hazina wa kikundi akakohoa, akaangalia miguu yake. Bi Kwa Nini akakiona kile kikohozi.

"Na wanawake mnaowasaidia? Tangu nifike sijaona hata mmoja."

"Watakuja. Huwa wanakuja."

"Huwa wanaagaje nyumbani? Mtu ana mume mkali, anaulizwa unakwenda wapi. Anajibu nini?"

"Anasema anakwenda kwa fundi kuangalia nguo yake kama imekwi..."

Fundi hakumalizia. Mdomo ulibaki wazi, mkono ukapanda kichwani. "Mungu wangu! Nimefanya nini mimi?"

Ndipo Bi Kwa Nini alipoelewa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa la akili. Nani duniani asiyejua ahadi za mafundi cherehani? Mume gani atashangaa mkewe akiambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo? Mwanamke analeta kitambaa, kinakatwa, kinashonwa bega moja, kinatundikwa. Nguo ikiwa bado, njia iko wazi: anakuja, anakaa, anasema yaliyomo moyoni, anapata ushauri, anarudi kwake na lawama kwa fundi. Fundi alivumilia miaka yote kuitwa mzembe mtaa mzima. Alivumilia, lakini ilimuuma. Kusikia mkaguzi anakuja tu, uvumilivu ukamwishia.

"Wengine watatafuta kitambaa kingine," alisema mtunza hazina. "Lakini Mama Pacha?"

Wakamweleza mgeni: Mama Pacha amejenga na mumewe tofali kwa tofali, na sasa mume amepata mnunuzi wa nyumba, Jumamosi wanamalizana. Mwanasheria anayejitolea alikuwa anakuja kesho, hapa hapa, kuandika pingamizi la mke. Mama Pacha asipofika kutia saini, yeye na wanawe watatolewa nje na mabegi. Na mume hamruhusu kutoka ila sokoni, ambako huandamana naye, na kwa fundi.

"Niende nimwite kwa kisingizio gani?" Fundi alikuwa analia waziwazi. "Gauni lake la kijani jana nimemkabidhi mumewe mkononi. Nimeapa halina kasoro, akanisifu!"

Kazi ya Bi Kwa Nini ni kuangalia, si kutia mkono. Bosi wake angemwambia hivyo. Alikaa akijivuta kidole, akiwaza hivyo, kisha akasimama.

"Nyumba yake ni ipi?"

Mume alikuwa barazani anatengeneza redio. Akamtazama mgeni kuanzia viatu.

"Shikamoo, shemeji," alisema Bi Kwa Nini, ingawa hawakupishana umri. "Mimi ni mkaguzi. Nimetumwa kwa Fundi kuangalia kazi yake. Naomba lile gauni la kijani."

"He! Siku hizi hata magauni yanakaguliwa?"

"Dunia imebadilika, shemeji."

Mama Pacha akaletwa, mwembamba, gauni mkononi. Bi Kwa Nini akaligeuza ndani nje, akavuta mishono, akapekua pindo. Wapi! Fundi alikuwa amelishona kwa hasira za miaka yote. Hapakuwa na hata uzi mmoja uliolegea.

"Mbona zima tu?" mume aliuliza, bisibisi imesimama hewani.

"Linanibana," alisema Mama Pacha.

Alisema polepole, macho kwa mgeni. "Hapa kwapani. Nilinyamaza tu, nisimuudhi Fundi. Nikinyanyua mkono haliendi."

"Basi halijapita," Bi Kwa Nini akadaka haraka. "Kesho asubuhi alirudishe mwenyewe, apimwe upya."

Mume akasonya. "Nilijua! Mafundi wote ni wale wale. Peleka, na umwambie nimemtukana."

Kesho yake Mama Pacha alifika, akatukana kama alivyotumwa, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaketi mbele ya mwanasheria akatia saini. Fundi alichukua wembe akafumua mikono yote miwili ya lile gauni, machozi yakimlengalenga. Siku zilizobaki Bi Kwa Nini alikaa nao wakikubaliana kwamba nguo haimalizwi mpaka kamati nzima imuulize mwenye nguo.

Aliporudi kuwakagua tena, mvua zilikuwa zimekwisha. Henga zimejaa viporo, gauni la kijani kati yao, bado halina mikono. Alikuwa ndiyo anaanza maswali yake, Mama Pacha akaingia, pacha mmoja huku, mmoja huku. Nyumba haikuuzwa, hukumu ya lile pingamizi ilikuwa imetoka siku hiyo hiyo.

Akaliteremsha gauni mwenyewe, akaliweka mezani.

"Fundi," alisema, "sasa malizia."