Laptopu Iliyojizima Siku Moja Kabla ya Mgao

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilifika na stashahada ya elektroniki ndani ya bahasha na seti ya bisibisi niliyoinunua mwenyewe Dar es Salaam. Nilizaliwa Kagerankanda, kwa wakulima; hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi. Kwa hiyo niliporudi mkoani kwetu Kigoma kama fundi wa kompyuta wa shirika la kuhudumia wakimbizi, nilitembea kifua mbele, na sioni haya kusema hivyo.

"Mwenye diploma ndiye wewe? Njoo," alisema Mkuu wa Ofisi, mtu wa Tanga. Akanipeleka kwa Mama Domitila, karani wa takwimu, kwenye laptopu nzito kama tofali. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya kaya zote za kambini. Diski ya nakala ilikuwa imegoma kusomeka. Malori ya mahindi yalishafika, mgao ni kesho yake, na asiyeitwa kwenye orodha hapati chakula. Mashine nayo ilijizima kila ilipoanza kuchapa.

"Fundi wa mjini kasema imeungua, iende Dar," alisema Mkuu.

"Ni umeme wa jenereta tu," nilijibu, kwa sauti ya kusikika hadi koridoni. Nikachomoa waya, nikaiacha itumie betri. Dakika saba, skrini giza.

Dereva aliyesimama mlangoni akacheka. "Kumbe hata diploma huzimika!"

Nikatazama saa. Nikiiwasha papo hapo, ilidumu dakika tatu. Nikiipumzisha kwanza, kumi. Hiyo ni tabia ya joto. Laptopu ina feni ndogo inayosukuma joto nje kupitia matundu ya pembeni. Joto likizidi, hujizima isiungue. Nikapitisha mkono chini yake. Nikagusa kitambaa cha kufuma kilichokunjwa mara nne. Kingine chenye maua mekundu kilifunika matundu hayo ya pembeni, kama tunavyofunika redio sebuleni.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Nimevifuma mwenyewe. Vumbi la hapa hulijui, mwanangu?"

"Nalijua, mama. Lakini umeivisha sweta mbili juani."

Akashika mdomo. "Yesu wangu! Na ilipoanza kuzimika ndipo nikaiongezea cha pili!"

Nikaifungua, nikasugua feni kwa brashi, vumbi jekundu likamwagika mezani. Nikaiinua kwa vizibo vinne vya soda, nikaiwasha. Ilichapa saa mbili mfululizo. Mkuu alisimama nyuma ya printa muda wote, na ukurasa wa mwisho ulipotoka akakaa juu ya katoni, akajifuta jasho. "Fundi," akasema, "kanywe chai."

Baadaye nilihamishiwa Kasulu chini ya Ofisa Mawasiliano, kisha Kigoma mjini, nikastaafu nikiwa mkuu wa mafundi. Nimefungua mashine kubwa kuliko ile, na nyingi nilizifufua. Nyinyi vijana joto mnalisoma kwenye skrini, hongereni. Mimi nikikumbuka kazi, naikumbuka siku ya mgao. Nilikwenda kambini bila kutumwa, nikasimama kando ya foleni. Mama mmoja Mrundi alikuwa akiwaambia wenzake kwamba amesikia orodha imepotea. Karani wa mgao akasoma jina lake.

"Niko!" akaitika kwa nguvu, akaenda mbele na gunia lake tupu. Nikarudi ofisini kwa miguu, nikipiga mluzi njia nzima.