Maoni Niliyoyafuta

Watu kumi na mmoja niliwafuta kwa raba mchana mmoja wa mwaka 1994, na nilipomaliza nikapangusa mikono na kujisifu kwa kazi safi. Nilichofuta ni maandishi yao. Lakini wenyewe wengi walikuwa wameshauawa, na mimi sikujua kwamba hayo maandishi ndiyo yaliyobaki. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali ambapo sistahili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbia, na Kigali niliiona kwa mara ya kwanza mwaka ule, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari. Tulifikia mtaa wa Nyakabanda, mimi na mume wangu. Mimi si mtu wa kukaa bure, na kufoka nafoka, kwa hiyo mchungaji wa kanisa dogo tulilosali alinitafutia kazi upesi kabla sijaanza kumpangia yeye ibada. Akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma, akaniomba nipange kabati la vitabu.

Vitabu vyenyewe havikufika thelathini. Kilichochakaa kuliko vyote kilikuwa riwaya ya Kikristo ya Kiswahili, ya kutia hofu. Mwanamke anazinduka katika nyumba asiyoijua, hakumbuki hata jina lake. Mwanamume mmoja mpole anamwambia yeye ndiye mumewe, na kila siku anamsimulia maisha yao ya zamani. Mwanamke anamwomba Mungu amrudishie kumbukumbu, na kadiri anavyoomba ndivyo anavyogundua kwamba baadhi ya masimulizi yale yametungwa. Je, bwana ametunga kwa wema au kwa ubaya? Kurasa mia mbili unakaa hujui.

Mwishoni mwa kitabu zilibanwa karatasi za mistari. Waliokuwa na kabati lile kabla yetu walikuwa na desturi yao: ukiazima kitabu, hurudishi mpaka uandike maoni. Unaandika kwa penseli, maana wino ulikuwa unapenya upande wa pili. Jina huweki. Unajitaja tu kwa kazi au mahali unapokaa, ili hata mke wa mchungaji apate kusema kweli.

Na kweli walisema. Fundi cherehani aliandika: "Nilimjua mwongo tangu kwenye funguo. Mume gani hajui ufunguo wa kabati lake?" Mtu wa Kanombe alilalamika kwamba sura ya saba ina mahubiri marefu mno: "Nilikuwa natetemeka vizuri, mahubiri yakanipoza." Mama wa mapacha alionya: "Msimpe kitabu hiki mtu anayekaa peke yake. Nimeogopa mlango wangu mwenyewe." Mwingine aliandika: "Nimefika sura ya tisa. Nikimaliza nitaendelea hapa." Chini yake alikuwa ameacha nafasi, mistari sita hivi, na hapakuwa na kitu.

Nilicheka, nikasoma mengine harakaharaka, kisha nikachukua raba. Karatasi zilikuwa adimu. Tena nilijiambia tunaanza upya, wasomaji wapya, maoni mapya. Nilifuta kwa nguvu zangu zote za ualimu mpaka unga wa raba ukajaa mezani. Mume wangu alipopita akanitania kwamba hata mbinguni nitaanza kwa kusahihisha daftari la malaika.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyekulia Uganda. Alirudisha kitabu baada ya siku nne, ameandika mstari wa juu kabisa: "Huyu mume nilimshuku tangu kwenye funguo." Nikasema sawa, zile funguo kila mtu ataziona. Wa pili alikuwa muuguzi, anaishi peke yake. Aliandika: "Kisisomwe na mtu anayekaa peke yake nyumbani." Maneno yale yalikaa pale pale alipoandika mama wa mapacha. Wa tatu, mzee mmoja, alileta kitabu hakuandika chochote. Nikamuuliza kwa ukali wangu, "Mzee, na maoni?"

"Nimefika sura ya tisa, mwalimu," akasema. "Nitaandika nikimaliza."

Mungu wangu! Wao hawakuwahi kuyaona maandishi ya kwanza. Aliyeyaona ni mimi tu, na mimi ndiye niliyeyaondoa. Nilimweleza mume wangu, akasema kitabu ni kimoja na vichwa vya watu havitofautiani sana, niache kujitisha. Pengine. Ila tangu siku ile nilikuwa nikiingia chumba kile naegemeza kiti kwenye mlango usijifunge, hata jua likiwa utosini. Nilijiona kama mtu aliyekaa katikati ya mazungumzo ya wengine.

Ndipo akaja dada mmoja. Ilikuwa alasiri, nakumbuka jua lilikuwa limeshafika dirishani. Msichana wa miaka ishirini na kidogo, wa mtaa huohuo, kandambili miguuni, amesimama mlangoni haingii.

"Mwalimu," akasema, "ile kitabu ya mwanamke mwenye alisahau, iko?"

Nikasema kipo. Akavuta pumzi. Kwa Kiswahili chake cha Kigali alinieleza kwamba mama yake alikuwa akisali hapa, alikiazima kitabu kile, na aliandika ndani. Alijiita "wa benchi ya nyuma". Waliuawa wote kwao, akabaki yeye. Nyumba ilichomwa. Hakubaki na picha, hakubaki na barua, hata kitambaa.

"Mimi nasahau vile alikuwa anaongea," akasema. "Sura naiona. Lakini akifungua kinywa, hakuna kitu. Nataka tu kusoma penye aliandika, labda nitamsikia."

Jamani. Nikamwambia ukweli, kwamba nimefuta. Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale sakafuni, akaniangalia mikono. Nilitamani anitukane, nilitamani anipige hata kofi moja.

"Lakini ulisoma," akasema hatimaye. "Kabla ya kufuta ulisoma. Alisema nini?"

Nilijikamua akili. Fundi cherehani nilimkumbuka neno kwa neno, na yule wa Kanombe. Wa benchi ya nyuma niliikumbuka sahihi yake tu. Maneno yake niliyapita mbio kwa sababu hayakunichekesha.

Basi nikakumbuka mchezo wa wanafunzi wangu: unaweka sarafu chini ya karatasi, unalaza penseli, unasugua, sura ya sarafu inatoka. Mtu akikandamiza penseli, karatasi hubaki na kovu. Nikafungua ukurasa wenye sahihi ile, ambao wasomaji wapya walikuwa hawajaufikia, nikaanza kusugua taratibu. Yule dada aliinuka, akageuka akatazama nje.

"Mimi siangalii," akasema. "Naogopa mwandiko. Wewe soma, nitasikia kama ni yeye."

Nilisugua. Karatasi ikawa ya kijivu, na katika ule ujivu likaja neno jeupe: benchi. Nikapanda juu yake, ukaja mstari mzima, mweupe, kila herufi imesimama: "Mimi naona huyu mama wivu. Yeye alisahau yote, sasa analala." Kupanda zaidi, hakuna. Raba yangu ilikuwa imekula karatasi, mikwaruzo mitupu.

Mstari mmoja. Nao ni huo. Nilimwangalia yule binti mgongo, shingo imekaza inasubiri, nikaona siwezi kumpa hicho peke yake. Nikafungua mdomo nikasoma mahali palipokuwa patupu, kwa Kiswahili cha kwao: "Chai gani hii inaiva mbele ya maji kuchemka? Huyu mwandishi hajaingia jikoni hata siku moja." Yalikuwa manung'uniko yangu mwenyewe, niliyoyanung'unika nikisoma sura ya pili.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni yeye! Yewe, ni yeye kabisa! Alikuwa anagombana na kila kitu, mpaka na redio! Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia mara tatu, na kila mara machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka. Nami nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi sana.

Kisha nikamsomea mstari ule wa kweli.

Akaacha kucheka. "Rudia hiyo." Nikarudia, huyu mama wivu, sasa analala. Akatikisa kichwa, bado anatazama nje.

"Hapana. Hiyo si mama. Mama hakuwa na wivu ya mtu. Na usingizi alikuwa anapata, mimi nililala na yeye chumba moja. Hiyo umeongeza, mwalimu. Unataka kunifurahisha. Asante, lakini toa."

Ukurasa ulikuwa mkononi mwangu. Ningemgeuzia tu aone mwandiko aliouogopa, mweupe, wa mkono wa mama yake. Nilijua usiku mwingi yule mama alilala macho wazi kitanda cha pili, na binti hakujua. Nilijua pia kwamba nikigeuza karatasi, ile chai itakufa papo hapo, na kile kicheko kitakufa nayo. Niliona aibu, niliogopa, na sikugeuza.

"Niandikie ile ya chai," akasema. "Na kalamu ya wino."

Nikachukua karatasi nyingine nikamwandikia, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Aliikunja mara nne, akaiingiza kifuani ndani ya blauzi, akanishika mikono yote miwili na kunishukuru. Alipofika mlangoni akasimama, akajaribu kuisema mwenyewe, ile ya chai. Haikuwa sauti aliyoingia nayo. Ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima aliyechoka na asiyependa ujinga, imekwama kidogo kooni. Nikaelewa namsikia nani. Mama yake alikuwa amerudi, na alikuwa anasema maneno yangu.