Washiriki Kumi na Wawili

Binti yangu ni muuguzi, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: anashukuru kupita kiasi. Ukimpisha mlangoni atakushukuru mara tatu. Sina wa kumlaumu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na mtoto asiyejua kusema asante darasani kwangu alikiona cha moto.

Alipoanza shahada ya pili chuo kikuu alikuwa na miaka thelathini na sita na watoto wawili. Alitaka kuandika tasnifu juu ya kiwanda cha betri kilicho nyuma ya zahanati anayofanyia kazi. Wafanyakazi wa pale walikuwa wakija na malalamiko yale yale: tumbo linasokota, kichwa kinagonga, mikono imelegea. Mdogo wangu, yaani mjomba wake, alikuwa fundi wa tanuri la kuyeyushia madini ya risasi, na mwaka ule alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati lake. Mkewe ndiye aliyemfungia. Tulimtania kwamba amerudi chekechea, na mzaha ule naujutia hadi leo.

Profesa aliyemsimamia alimrudishia pendekezo la utafiti mara nne. Mara ya kwanza alimwambia mada yake ni pana kama uwanja wa mpira. Mara ya nne aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani atakubali kusema?"

Hapo ndipo penye kazi. Kiwandani pale, aliyelalamika waziwazi hakumaliza mwezi. Hata hivyo kibali cha kiwanda kilitoka, tena upesi mno: barua fupi yenye muhuri na sharti moja, kwamba tasnifu ikikamilika nakala ipelekwe ofisini kwa meneja. Binti yangu alirukaruka kwa furaha. Mimi barua ile ilinikaa vibaya moyoni, ila nilinyamaza.

Mjomba wake akajitosa. Kila Jumapili mchana alileta wenzake sebuleni kwangu, wawili au watatu, hadi wakatimia kumi na mmoja, naye wa kumi na mbili. Binti yangu aliwasainisha fomu za ridhaa, akawaapia kwamba majina yao hayatatoka nje ya fomu zile. Ndani ya tasnifu kila mmoja angekuwa namba tu: Mshiriki wa 1, Mshiriki wa 2. Mzee mmoja hakuridhika.

"Mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika, baba."

Nilikuwa jikoni, nawasikia wanaume wazima wakikohoa.

Kazi ile ilimchukua miaka miwili na nusu. Aliamka alfajiri, akaandika hadi saa ya kwenda zamu, na kalenda ya ukutani ikajaa alama za kalamu. Sura ya tatu aliiandika upya yote. Siku ya utetezi walimhoji kwa saa mbili, akatoka na marekebisho ya wiki sita, akayamaliza kwa wiki nne.

Ulibaki ukurasa mmoja tu, wa shukrani. Ule hausahihishwi na mtu, kwa kuwa profesa huanza kusoma kwenye ikisiri, ule muhtasari unaofuata. Aliuandika kwa mkupuo akiwa dukani kwa mfunga vitabu, huku mwenye duka akimhimiza kwamba gundi inakauka.

Nakala tatu alizipeleka chuoni. Ya nne aliipeleka kwa meneja kwa mkono wake mwenyewe, ya tano akaniletea mimi, jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Nilivaa miwani nikaanza mwanzo kabisa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru profesa, akanishukuru mimi. Halafu nikasoma hivi: "Shukrani za pekee kwa mjomba wangu mpendwa, fundi wa tanuri, aliyewashawishi wenzake kuja kuzungumza nami."

Nilimsogezea ukurasa ule.

"Wewe mtoto, umeandika nini hapa?"

Aliinama akasoma, kisha akakaa sakafuni. Alipoinuka alikimbia kiwandani. Katibu muhtasi alimpokea kwa tabasamu, akamwambia bosi ameshaichukua, na amesema imeandikwa kwa adabu sana.

Zikapita wiki mbili za kimya. Mdogo wangu alikwenda kazini akarudi, kama kawaida. Ila Jumapili mchana gari la kiwanda lilianza kuegeshwa mtaani kwetu, dereva ndani, kioo kimeshushwa, anasoma gazeti. Nilimsalimia akaitikia vizuri tu. Niliogopa kuliko kama angenitukana.

Jumatatu ya tatu mdogo wangu aliitwa ofisini. Alikuja kwangu moja kwa moja, bado amevaa sare.

"Dada, wanataka majina ya wenzangu."

"Ukasemaje?"

"Nimewaambia hakuna wenzangu. Nimewaambia wote kumi na wawili ni mimi. Wameandika, nimesaini. Kazi ndiyo basi tena, lakini wale wamepona."

Alisema kwa fahari, maskini. Kwake namba ni namba tu. Binti yangu alikuwapo, amesikia yote. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba chuoni jambo hilo lina jina lake, nalo ni kughushi utafiti.

Barua ya chuo haikukawia. Kiwanda kimelalamika; afike mbele ya kamati na fomu za ridhaa zenye saini za washiriki wote; mwakilishi wa mlalamikaji atakuwepo. Profesa alimpigia simu akamwambia, "Leta fomu, mambo yataisha. Usipoleta, sina namna ya kukusaidia."

Nami nikamwambia azipeleke. Sitajisafisha hapa. Niliona miaka yake miwili na nusu, na wale wanaume waliokaa kwenye viti vyangu nikawatoa akilini.

Siku ile nilimsindikiza. Asubuhi nilimwona kwa macho yangu akitia fomu kwenye mkoba, nikashusha pumzi. Niliketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha kamati, na mlango haukufungwa vizuri. Nilimwona mwakilishi wa kiwanda ameweka daftari mbele yake, kalamu tayari.

"Hawa washiriki kumi na wawili," mwenyekiti aliuliza, "ni watu kumi na wawili, au ni mtu mmoja?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwa binti yangu. Aliufunika kwa mikono yote miwili.

"Ni mtu mmoja," alisema.

Tasnifu iliondolewa maktaba wiki hiyo hiyo, na shahada hakupata. Nilimkasirikia sana, miezi mingi, na yeye hakujitetea hata siku moja.

Wale kumi na mmoja bado wako kazini. Mmoja wao, sitasema yupi, amepewa tanuri la mdogo wangu. Wiki iliyopita alikwenda zahanati, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Binti yangu alichukua kadi amwandikishe, na yule bwana akamwomba, kwa sauti ya chini, asiandike anafanya kazi wapi.