Pumzi za Kuazima

Shangazi yangu anauza mitumba, na sokoni wanamwita Honi. Jina hilo hakupewa bure. Akifungua robota asubuhi, akapanda juu ya meza na kuita, "Njooni mvae kabla hamjazeeka!", hata wanaochagua nyanya kule mwisho wa soko huziacha wakaja. Mimi ni mtoto wa kaka yake, fundi cherehani. Mashine yangu iko ubavuni mwa meza yake; napunguza suruali, nabadilisha zipu. Yeye akiita, mimi napata kazi. Akinyamaza, tunalala njaa wote wawili.

Sasa, Honi ana pumu. Kuna mwaka ilimbana hadi akawa anaita neno moja, anakaa chini. Wateja wakahamia kwa jirani, mtu mwenye kasauti ka mbu. Ndipo wakaja wale watu wa utafiti na magari yao meupe, safi kuliko wodi ya hospitali yetu. Walikuwa na dawa mpya, kikopo cha kuvuta kwa mdomo.

"Mama, hapa tunajaribu pamoja," akasema daktari wao mkuu, bwana mwenye tabasamu lisilokauka.

Pamoja! Kifua kilikuwa cha nani?

Lakini nisiseme uongo, dawa ilifanya kazi. Shangazi akarudi juu ya meza, akaita mpaka jirani akahama. Usiku alilala chali, jambo alilokuwa ameshalisahau. Daktari akawa anapita sokoni kumsikiliza, anamshika mkono, anamwita "mama yetu".

Halafu utafiti ukaisha. Majibu yamepatikana, wakasema, tena mazuri sana, kwa hiyo rudisheni vikopo. Mwenye akili alificha. Muuza ndizi aliapa kwamba chake kimetumbukia chooni, na alizidi kupumua vizuri tu. Shangazi yangu, mtu wa uadilifu wa kupindukia, alikifuta chake kwa kitambaa safi akakirudisha kikiwa bado kizito.

"Shangazi, una wazimu?" nikamuuliza.

"Mali ya watu, mwanangu. Niliahidi. Na daktari amesema ikianza kuuzwa, sisi ndio wa kwanza."

Wa kwanza, thubutu! Ilianza kuuzwa hukohuko kwa wenye bima na viyoyozi. Ukiitaja kwenye duka la dawa la mtaani kwetu, muuzaji anakuuliza umeiota lini. Shangazi alikwenda ofisini kwao hadi viatu vikaisha soli. Kila akifika, mlinzi anamwambia daktari yuko kikaoni. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa uzazi wao ulikuwa umekwisha. Wakunga wa nini tena?

Pumu ikarudi na hasira zake. Juu ya meza kukawa kimya, nami nikawa nashona huku nasikiliza anavyohangaika na pumzi. Nilimchukia yule daktari, sifichi.

Mara simu ikalia. Kuna sherehe ya kuupongeza utafiti, na Honi atapewa cheti cha uaminifu kwa kurudisha dawa. Aje aseme maneno mawili mbele ya wageni.

"Usiende," nikamwambia. "Cheti utakivuta kwa mdomo?"

"Naenda. Nitamwomba dawa palepale, mbele za watu. Mbele za watu hawezi kukataa."

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa ya wageni rasmi. Watu waliosomea mapafu, jamani, wakamchagulia mgonjwa wa pumu ngazi! Tulipanda tukipumzika kila kona. Ndani tukakuta maua, maji ya chupa, na daktari ndani ya suti mpya. Ukutani walibandika picha ya shangazi, kubwa kuliko mlango wetu, yuko juu ya meza ameachama anaita wateja.

Wakamwita mbele. Akashika kipaza sauti.

"Mimi..." akasema. "Naomba..."

Kifua kikakataa. Akajaribu tena; midomo ikatembea, sauti hakuna. Daktari akamshika bega, akawageukia wageni.

"Mama yetu ana furaha mpaka maneno yamemwishia!"

Makofi! Kuna mgeni mmoja hata alifuta machozi. Nikasimama nimpe daktari vidonge vyake, lakini shangazi akaniwahi. Alimsukuma kando, akafungua kifungo cha juu cha gauni, akakigandamiza kipaza sauti kifuani pake.

Spika zote za ukumbi zikaanza kukoroma na kupiga mluzi. Pumzi ikaingia kwa shida, ikatoka kwa shida, ukumbi mzima ukaisikia. Makofi yakafa. Wageni wakainamia viatu vyao. Shangazi alikishikilia kipaza sauti palepale. Alimkazia daktari macho, akaendelea kupumua.

"Zima," daktari akamnong'oneza fundi mitambo. "Zima hiyo, haraka!"

Fundi mitambo akajifanya kiziwi.