Shati Nililomtupia Mama Mkwe

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, kama ninavyokumbuka siku ya harusi yangu, ila ya harusi huikumbuka nikicheka.

Mama mkwe wangu, Mama Ngalula, alikuwa amekuja kutoka Mutshatsha kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mke wangu Mbuyi akasema mama yake amechoma makaa maisha yake yote, hajawahi hata siku moja kutembea kwa raha tu. Basi tukakodi kamioneti pale Kolwezi, tukapakia sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki, tukaenda kuyaona maporomoko ya Lualaba.

Sasa, sisi watu wa asili ya Kasai tuna heshima yetu. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hali naye sahani moja, na hata njiani humwachia nafasi akatazama pembeni. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nilikuwa kijana wa kujionyesha. Ndani ya kamioneti nilikaa nyuma kabisa na mizigo, vumbi lote likawa langu, nikajiona mkwe bora kuliko wote. Usinicheke. Na wewe una mambo yako.

Tulipofika, maji yalikuwa yakinguruma hadi kifua kinatetemeka. Mbuyi akabaki kivulini kumnyonyesha mtoto. Mama Ngalula akataka kuyaona maji kwa karibu, akatangulia juu ya majabali, mimi nyuma yake hatua kumi, macho pembeni. Ndiyo maana sikuona alipokanyaga jiwe lenye utelezi. Nilipogeuka, alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo wa jabali, ameshika mzizi kwa mkono mmoja, na chini yake maji yanachemka meupe. Sandali yake moja ilikuwa imekwenda na maji.

Akaninyooshea mkono wa pili. "Mukwe, nipe mukono! Mi naanguka!"

Mwanangu, nilisimama. Mimi, mchimbaji wa mgodi wa Musonoi, niliyewavuta wenzangu kutoka mashimoni kwa viganja hivi bila kuuliza huyu ni nani kwangu, nilisimama. Nikamwita Mbuyi; sauti ikamezwa na maji. Kisha nikapata wazo nililoliona la akili: nikavua shati, nikamtupia mkono wa shati aushike, ili ngozi yake na yangu zisikutane. Akaushika. Mshono ukapasuka. Akateleza tena, goti likagonga jiwe kwa nguvu, na mzizi ukaanza kung'oka. Hapo ndipo nilipojitupa kifudifudi, nikamkamata kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili, nikamvuta hadi juu.

Tulikaa pale tukihema, hakuna aliyemtazama mwenzake. Goti lake likavimba tukiliona. Bukari ilirudi nyumbani bila kuonjwa.

Siku tatu nilikuwa na aibu. Aibu ya nini? Ya kumgusa! Ndiyo akili ya ujana hiyo. Siku ya nne nikanunua kuku mweupe, kama wazee wetu walivyofanya mtu akivunja mwiko, nikapiga magoti mlangoni pa chumba alicholala, macho chini.

"Mama, unisamehe. Nilikugusa."

Alimtazama yule kuku. Kisha akasema taratibu, "Kuku nitaipokea, tata. Lakini si juu ya kunigusa. Ni juu ya kukawia kunigusa."

Nililia mbele yake kama mtoto. Naye hakunifukuza. Akaninyooshea tena ule mkono wenye alama za vidole vyangu, ili nimsaidie kuketi vizuri. "Ile heshima, bakubwa baliiweka juu ya mama asipate haya mbele ya mutoto wake," akasema. "Habakuiweka juu ya mama akufe."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la wakuu nililisikia neno kwa neno, na guu lililoumia likawa la mkuu mwenyewe! Goti lile halikupona vizuri. Aliuburuta mguu hadi alipofariki, na kila alipokuja kwetu niliusikia uani kabla sijamwona. Hakunikumbusha hata mara moja. Ningependa angenikumbusha.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Shika mila, mwanangu, maana mwacha mila ni mtumwa, na mimi hadi leo namwachia mama mkwe wa mtu yeyote nafasi njiani. Lakini jiulize kila mila iliwekwa kumlinda nani, na siku inapoanza kumuua huyo huyo, jua kwamba ni wewe uliyeishika vibaya. Mtu akikunyooshea mkono, mpe mkono, usimpe shati. Radhi utaomba baadaye, mkiwa hai wote wawili.

Mungu akupe wakwe wenye moyo kama wa Mama Ngalula. Na siku utakayonyooshewa mkono, mwanangu, akujalie mikono isiyokawia.